Kibuyu Tupu ya Posa ya Fabiola

Bwiza, Bujumbura
Tarehe 14, mwezi wa kumi na moja, 2024

Mupendwa mwanangu Scholastique,

Pokea salamu yangu mbele ya neno ingine yote. Uko aje? Mwili iko aje? Bwana, watoto, na yale magoti ulisema yanauma juu ya baridi? Nauliza na nangojea jibu, mi si mutu wa kuuliza juu ya desturi tu. Kama umelala muzuri, na mi nimelala. Kama watoto wamekula, na mi nimeshiba.

Sisi huku tunapumua. Mama yako mukubwa Lisette, muke wangu, anapumua na mugongo yake. Trésor, mutoto wangu, anapumua na kazi ya bandari yenye leo iko na kesho haiko. Bujumbura yote inapumua bila mafuta ya gari, watu tunatembea kwa miguu sawa wakati ya babu. Mi napumua na filimbi mu koo. Hiyo nitakuelezea.

Usicheke mwandiko. Mapadri wa Uvira walinifundisha mpaka darasa ya ine, halafu wakachoka, juu kila swali waliniuliza niliwarudishia mbili. Umezoea nikupigie telefone, nikuchekeshe mpaka unasema baba mukubwa, inatosha, nitachelewa kazi. Sasa jirani ananiona na kalamu anadhani nimekuwa karani wa biro. Apana. Naandika juu sauti imekwisha.

Kitabu ya maandishi yako ilifika, yule sista wa parokia aliileta mu sanduku yake. Fabiola alinisomea yote, kila jioni kidogo, Kifaransa iko mu macho yake na Swahili inatoka mu kinywa. Hiyo ni mbele ya mambo kuharibika. Unajua Fabiola, binti ya Trésor, mujukuu wangu wa kwanza, ulimuacha anatambaa. Sasa ni muuguzi, amesoma, anasoma sawa mutu anakunywa maji.

Nikuambie ukweli, juu we ni mutoto wa mudogo wangu na sitakudanganya. Ile ya dirisha na theluji ni muzuri lakini ni ndefu. Theluji inaanguka, tumeelewa. Inaanguka tena. Ile ya picha ya viti tupu, yenye ulikaa mbele yake mpaka mulinzi akakuambia tunafunga, hiyo nimeipenda, lakini mi ningekwenda kuuliza wenye viti wamekwenda wapi. Ile ya kilio ya baba yako ilinifanya nitoke inje nikajifanya naangalia kuku. Na kuku hatuna.

Halafu ile ya mimi. Fabiola alipofika pale alisimama, akasema, babu, amekuita artisti! Nikakataa. Artisti ni wale vijana wanaimba mu mabaa ya Bwiza na shati wazi mpaka kitovu. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia asome na mbele ya mama Lisette, yeye haamini kitu. Kesho yake mutaa yote ilijua kama niko mu kitabu huko Ulaya, sijui nani aliwaambia.

Lakini fasi mbili ulikosea. Uliandika kama mi nadanganya muzuri. Mi sidanganyi, mwanangu. Mi nazunguka, halafu nafika. Na uliandika kama neno ya kinywa inaruka sawa moshi, ya karatasi njo inabaki. Hiyo tutabishana, na mi niko na ushahidi wenye we hauna.

Uliandika juu ya kazi yangu na hukuiona hata siku moja, uliondoka ungali mutoto. Uliokota habari kwa baba yako. Acha nikueleze mwenyewe, ili ujue kilichoharibika.

Wakati wa posa, nyumba ya binti inampa nyumba ya kijana kibuyu moja ndogo, tupu, na kifuniko yake. Siku ya dote, siku ya kutoa mahari, wanairudisha imejaa urwarwa, pombe ya ndizi. Watu wanakaa pande mbili, wanaangaliana. Wao wako na musemaji wao, sisi tuko na wetu. Tangu ningali na meno yote, kwa ukoo yetu musemaji ni mimi, Musafiri. Neno inakaa mu kinywa moja tu. Baba ya binti hafungui kinywa siku ile, anakaa sawa mugeni. Mwenye neno akiwa amesimama, hakuna mutu anaweza kumusaidia, kumukata wala kumumalizia, mpaka yeye mwenyewe, mbele ya watu, aseme ao aonyeshe, neno nampa fulani. Na huyo fulani lazima awe damu yetu.

Wageni wanasema wamekuja kutafuta binti. Mi najifanya siwajui. Nawauliza kama wamepotea njia, kama wanauza chumvi, kama ng'ombe yao imekonda ao ni mbuzi imevaa pembe ya kuazima. Napiga. Napiga fasi yenye inauma kweli, juu ukipiga fasi haiumi watu wanalala. Halafu pale pale nilipopiga, napaka mafuta. Ile kitu niliwacheka nayo, naigeuza inakuwa sifa yao, mpaka mama ya kijana anatoa machozi na anacheka. Kupiga, kila mulevi anaweza. Kupaka njo kazi. Hiyo ungeandika mu kitabu yako, kuliko theluji.

Sijashindwa hata mara moja. Uvira nimeoza binti kwa watu walikuja na kisirani na wakarudi wakiimba. Hapa Buja watu wa Buyenzi, waislamu, wamekuja kuniazima niwasemee, nikawaambia mi nasemea damu tu, wakanipa sukari juu ya heshima. Wapinzani wangu nawajua kwa majina. Mukubwa wao ni Hyacinthe, mutu wa Kinama, mwembamba, anasema polepole sawa anavua samaki. Yeye njo alikuwa musemaji ya nyumba ya Prodige.

Prodige njo kijana ya Fabiola. Walijuana kwa hospitali, yeye anatengeneza mashini. Kijana muzuri, anasalimia na mikono mbili. Baba yake alikuwa anavuka mupaka ya Gatumba na mabalo, mafurushi ya nguo ya kuuza, asubui anaenda, mangaribi anarudi. Siku moja hakurudi. Hakuna mutu alimuona upande ile, hakuna kaburi, hakuna kilio ilifanywa, juu utalia nani na hujui? Mama Prodige mpaka leo anaweka sahani yake. Kila mutu anajua hiyo. Na mi nilijua. Kumbuka hiyo, juu watakuambia sikujua.

Koo ilianza mbele ya Pasaka. Ikawa inakwaruza, halafu inakatika, inarudi. Lisette akanipa tangawizi na asali, akasema, baba Trésor, pumzisha sauti, dote ni mwezi wa munane, ao mufundishe mutu. Nikamujibu simba hapumzishi mulio. Akasema, simba iko kwa mulima, we uko Bwiza. Huyo ni mama yako, hajabadilika.

Dote tulifanya Kinindo, kwa bustani ya mukubwa ya kazi ya Trésor, alituazima juu ya kivuli na majani. Hema nyeupe, viti na vitambaa, ziwa unaisikia nyuma ya ukuta. Nilivaa koti ile ya bluu. Nilikuwa nimeishika sauti tangu wiki muzima, nikinong'ona tu. Niliposimama, ilikuja yote. Scholastique, sauti ilikuja sawa ya kijana! Niliwapiga juu ya viatu yao, juu ya gari ilizimika njiani wakaisukuma. Hyacinthe akanirudishia, akasema heri gari ya kusukumwa kuliko muzee wa kusukumwa, watu wakaanguka na kicheko. Ilikuwa vita tamu. Kibuyu iko katikati, imejaa.

Nikaona saa ya kupiga kubwa imefika. Nikasema, mumeniletea kijana, nimeona mama, nimeona wajomba, baba simuoni. Huyu kijana alitoka wapi? Alitoka chini sawa uyoga?

Kimya ilishuka. Njo kimya nilikuwa nataka. Juu mafuta ilikuwa tayari, niliitengeneza mwezi muzima, njo mafuta muzuri kuliko yote nimewahi kutengeneza. Ilikuwa hivi: Uyoga hakuna mutu anaupanda. Ukiukuta asubui mu shamba yako, ujue Mungu alipita. Mama, Mungu alipita kwako. Na wewe kijana, tangu leo ukiulizwa baba yako ni nani, sema ni Musafiri, niko hapa, nimesimama, niangalie. Halafu ningefungua kibuyu nikakunywa ya kwanza, na kumupa yeye kwa mukono yangu.

Nikafungua kinywa. Ikatoka upepo.

Nikafungua tena. Upepo. Watu walidhani ni muchezo, wamoja wakacheka, na ile kicheko ilimwangukia mama Prodige. Mi nimesimama na mukono juu. Nikameza mate, nikajaribu kwa nguvu, ikatoka kitu sawa mulango ya kabati. Trésor akanivuta koti, ananong'ona, baba, mupe mutu neno, mupe mutu neno. Nikamusukuma. Ningempa nani? Yeye ni baba ya binti, haruhusiwi. Wadogo zangu wako kaburini. Vijana wa damu yetu walikuwa pale wawili watatu, wanapiga foto na matelefone. Hao njo niwape? Na ningewapa na kinywa gani, mafuta ilikuwa mu kichwa yangu, haikuwa mu mufuko! Nilijua inarudi. Kila siku ilikuwa inarudi.

Hyacinthe akasema, muzee, tunangoja. Akangoja kweli, sitamusingizia. Halafu mama Prodige akasimama. Hakusema kwa nguvu. Akasema tu, twende, watoto. Wakachukua kibuyu na urwarwa yake. Trésor akawakimbilia mpaka kwa magari, anawaelezea, ni koo, ni ugonjwa, muzee hakumaliza. Hyacinthe akamujibu, sauti ilitosha ya kututukana, ikakosa ya kutubariki?

Mwanangu, mi ni musemaji, najua neno muzuri hata ikinichoma. Ile ilikuwa neno muzuri.

Prodige alikuwa wa mwisho kuingia gari. Aliangalia Fabiola, Fabiola amesimama na kitambaa ya dote, imempendeza. Halafu mama yake akamuita.

Watu hapa wanasema ni kosa yangu, ningepokonywa neno tangu Pasaka. Waseme. Ni koo. Na Hyacinthe, mutu ameshika kazi hii miaka yote, anajua kisha pigo inakuja mafuta, angekaa chini, angekunywa soda, angengoja mpaka kesho. Lakini hakuna mutu ya kunisikiliza nikisema hivyo, juu sisemi.

Sasa ushahidi wangu juu ya karatasi yako. Wiki ile ile nilikaa nikaandika yote, uyoga, Mungu alipita, niko hapa niangalie, kila neno fasi yake. Lisette akaipeleka Kinama kwa mama Prodige na mugongo yake mbovu. Mama yule hasomi, Hyacinthe njo akaisoma. Lisette anasema aliisoma bila ubaya, sawa, lakini aliisoma vile radio inatangaza wafu. Niko hapa, nimesimama, niangalie. Mama Prodige akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, niangalie nani? Akakunja karatasi akamurudishia Lisette na akamupa chai.

Njo hivyo neno ya karatasi inabaki, Scholastique. Inabaki, kweli. Iko hapa mu droo, inabaki. Maneno ni yale yale, na imekufa. Juu neno ya posa si maneno, ni mutu amesimama mbele yako na anaweza kukosa. We ulisema sanaa ni kitu inashinda kifo. Labda huko. Yangu ilikuwa inaishi juu inaweza kufa kila mara nikifungua kinywa, na siku moja ikakufa.

Dokta aliingiza waya na taa mu pua yangu mpaka chini. Alisema kuna nyama imeota pale sauti inatokea, na imekaa siku mingi, na imeenda mbali. Alisema hajaona koo ya mutu imetumiwa hivi, hiyo ilinifurahisha kidogo. Sauti hairudi, wakate, wasikate. Mambo ingine alimwambia Fabiola kwa Kifaransa, na nikaona uso yake, sikuomba anigeuzie kwa Swahili. Kwa hiyo usianze kutafuta hospitali za huko, najua we. Imekwisha hiyo. Nimeandika, na sibishani.

Sasa nifike kwa jambo yenyewe.

Jumapili moja, kisha ile karatasi kusomwa, Hyacinthe alikuja hapa Bwiza na wajomba wawili. Waliweka kibuyu juu ya mukeka. Tupu. Kwetu, kibuyu ikirudi tupu, posa imekufa. Lakini haifi mpaka musemaji ya nyumba ya binti aseme, tumepokea. Neno moja. Akisha sema, kila nyumba inaenda njia yake, binti anaweza kuposwa na mwingine. Asiposema, kibuyu haiwezi kulala pale, wanairudisha nayo, na mambo inabaki inaning'inia.

Hyacinthe akasema, muzee Musafiri, tumeleta. Nikamuangalia. Akasema, muzee, pokea hata na kichwa. Hakuna kupokea na kichwa, na anajua. Tukakaa. Lisette akatoa ndizi, wakakula. Mwisho wakainuka na kibuyu yao, Hyacinthe mulangoni akatikisa kichwa, akasema, hata akiwa bubu muzee huyu ananishinda.

Na mi nikacheka, bila sauti, mabega tu. Usiku nikamuandikia Lisette kwa slate, kibao ya chaki ya watoto: MULANGO HAIJAFUNGWA. Nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya mwizi. Nikafikiri, nisiposema, Fabiola bado ni wa Prodige. Muda itapita, mama atapoa, kijana atarudi. Mi nitakaa na neno yangu mu kinywa, nitaishika na meno ile imebaki. Walirudi tena mara ya pili, nikawafanyia vile vile. Nikaona hii kimya njo posa muzuri kuliko zote nimefanya.

Sasa ni wiki tatu, Fabiola akatoka kazini akakaa mbele yangu. Tangu Kinindo alikuwa hanisomei tena, ananipa dawa, ananiuliza umekula, basi. Siku ile alivua viatu, akakaa chini kwa mukeka sawa zamani akiwa mudogo.

Akasema, babu, Prodige ameposa binti ingine. Wa Kinama. Wametoa na siku ya dote.

Nikaandika: SIWEZI KUAMINI.

Akasema, mi nimeamini, aliniambia yeye mwenyewe, alilia kwa telefone mpaka moto ya telefone ikaisha. Anasema mama yake amezeeka mu miezi hii, hawezi kumuongezea uchungu. Babu, wao wakisha leta kibuyu tupu, haiwafungi tena. Inanifunga mi. Unajua hiyo?

Nilijua. Ni nani alimufundisha hiyo desturi kama si mi?

Akasema, we unangoja arudi. Mi sikuwa nangoja tena tangu mwezi wa kenda. Mi niko na miaka yangu, niko na kazi yangu, naamka, kijana akinisalimia njiani mama yake anamwambia, uyo bado yuko mu kinywa ya babu yake. Babu, niko mu kinywa yako. Nitoe.

Nikachukua slate. Mi, Musafiri! Nikamurudishia tupu.

Halafu akasema kitu sitasahau, na hakuisema kwa hasira: Nilipokuwa mudogo nilidhani unapiga watu juu unajua kupaka. Akasimama akavaa viatu.

Kwa hiyo nimefikiri siku nyingi, na nafikiri muzuri, hata ugonjwa inanikubalia hiyo. Neno lazima itoke. Mi siwezi kuisema. Trésor haruhusiwi. Wale vijana wa matelefone siwapi, hata nikizikwa nayo, wataifanya muchezo. Wadogo zangu wamekwisha. Lakini mudogo wangu mumoja aliacha mutu. Aliacha we.

Najua. Kwetu mwanamuke hajashika neno. Wazee wa Uvira watapiga kelele. Wapige, nani ataniambia kitu, na mi siwezi kuwajibu? Nimeamua. Mbele ya Lisette na Trésor, wako hapa wanaangalia kalamu inatembea, na wataweka vidole vyao chini ya karatasi: neno ya nyumba yetu naitoa kwangu, mi Musafiri, naimupa Scholastique, mutoto ya mudogo wangu, aishike. Trésor atapiga foto ya karatasi hizi akutumie, usingoje posta.

Si juu ya kitabu yako nakupa. Usijisifu, kujisifu ni kazi yangu. Nakupa juu hakuna mwingine.

Jumapili hii kisha misa Hyacinthe atarudi na kibuyu. Nimemwita mimi, Lisette alienda kumwambia. Ukae na telefone karibu. Trésor atakupigia na ataweka sauti ya wote wasikie. Hyacinthe atasema, tumeleta. Atasema polepole, usimukimbilie. Akisha, utangoja kidogo, unavuta pumzi moja, halafu utasema, tumepokea.

Usiongeze kitu. Nakujua, utataka kueleza, utataka kuomba radhi, utataka kuweka theluji. Usipige, usipake. Mafuta haiko tena kwa hiyo kidonda, ukipaka sasa ni kumucheka mutoto. Utasikia kimya, labda utasikia Fabiola anapumua, atakuwa amekaa karibu na telefone. Iache hiyo kimya ipite. Hyacinthe ataweka kibuyu chini, utasikia ikigusa saruji. Hapo imekwisha, kata telefone.

Mi nitakuwa nimekaa kwa kiti yangu na koti ya bluu. Nitasikia nyumba yangu inasemewa na mutu mwingine, mara ya kwanza tangu nijue kusema. Isikutishe. Sema kwa nguvu, usinong'one sawa uko kanisani. Wewe ni wa Musafiri.

Kisha hapo sijui. Fabiola ataenda kazi yake, labda mutu atakuja, labda hapana. Akija, utasema we, mi sitakuwako. Usiniandikie maneno ya tumaini, naomba, hayanisaidii na yanachelewesha dawa ya usingizi.

Salimia bwana yako, mwambie mi ninamuheshimu hata kama alikuposa bila kunisikia. Salimia watoto na uwaambie majina yetu, hata kama hawatayaweza. Mama yako Lisette anakusalimia, anasema ule na usikonde. Trésor anakusalimia. Fabiola hajui naandika hii, lakini nakusalimia kwa jina yake, atakubali.

Mungu alinde kinywa yako na magoti yako. Mababu wakusikie vizuri siku ya Jumapili, na kama hawatasikia, mimi nitasikia.

Ni mi anayekupenda, na sijui kupenda kidogo,
baba yako mukubwa,
Musafiri